ADHD Yako ni Kiki, ya Mtoto wa Mama Dulla ni Fimbo

Haya wadau, leo sina ubuyu. Nina hasira.

Wiki iliyopita staa mmoja wa kike wa hapa Bongo, jina kapuni, mnamjua na yeye anajijua, kachelewa shoo masaa matatu. Watu wamelipa kiingilio, wamesimama mpaka miguu inawaka moto. Kesho yake badala ya kuomba radhi akaingia Insta, taa usoni, kope mpya, mkononi kale kachupa ka rangi ya chungwa tunakoona kwenye muvi za Kimarekani. "Jamani msinihukumu, nina ADHD." Makopakopa yakamwagika. "Pole mamii." "Hata mimi ninayo aisee, huwa nasahau chaja." Promota kimya, shoo imesahaulika.

Sikia. Mimi si daktari, na sijui kama anayo au hana. Watu wazima wanayo kweli, na kama anayo, pole yake kwa dhati. Ninachokataa ni kuifanya pambo, kwa sababu kuna watu huku chini wanaipata hiyohiyo bila taa usoni.

Twende Mbagala. Nina jirani, tumwite Mama Dulla. Asubuhi vitumbua, jioni samaki wa kukaanga. Mwanae ana miaka 8 na hatulii. Sisemi utundu wa kawaida. Anaanza hesabu ya kwanza, bodaboda inapita nje, keshasimama dirishani. Ukimtuma chumvi anarudi na kokoto, pesa hajui ilipo, na analia kwa sababu hata yeye haelewi imekuwaje. Shuleni kachapwa mpaka walimu wamechoka. Mama kaambiwa hajui kulea, kaambiwa mtoto ana mashetani, mtaalamu wa kienyeji kala hela na jogoo juu. Mpaka nesi mmoja mwenye utu alipomwambia, "Dada, huyu mpeleke akaonwe na daktari wa akili."

Akaenda. Baada ya kuzungushwa sana, mtoto akaandikiwa methylphenidate. Furaha yote ikaishia dirisha la dawa: "Hii hatuna, kanunue nje." Nje famasi ya kwanza hawana. Ya pili hata kuijua hawaijui. Ya tatu, mjini kati, ipo, na bei yake kwa dozi ya mwezi inakula faida ya vitumbua ya zaidi ya wiki mbili. Bima hana.

Unajua kafanyaje? "Mdogo wangu, nampa siku za mtihani tu. Siku nyingine namwachia Mungu."

Hebu kaa na hiyo kidogo. Kidonge cha kawaida cha dawa hii kinafanya kazi kama masaa manne, kikiisha kimeisha. Kwa hiyo Dulla anapata utulivu siku ya kujibu maswali, siku za kufundishwa hana. Anakaa kimya mbele ya karatasi anaisoma vizuri kabisa, na hajui jibu hata moja.

Najua mtakuja na lile lenu la "hayo magonjwa ya wazungu". Wataalamu wanakadiria karibu watoto 5 kwa kila 100 duniani. Chukua darasa la shule zetu lenye watoto 90, piga hesabu mwenyewe. Wapo wanne au watano pale, wanapigwa.

Sasa kwa nini mama huyu analipa mwenyewe? Hapa ndipo panaponiuma. Sera ya afya inasema mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Safi. Ila ADHD wengi wanaigundua mtoto anapoanza shule, miaka 6, 7, yaani mlango ukishafungwa. Toto Afya Kadi ya 50,400 kwa mwaka tuliizoea, mwaka 2023 kuandikisha mtoto mmojammoja kukasitishwa, kelele zake mnazikumbuka. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria tunayo, lakini ugomvi uko kwenye kitita: dawa ya Dulla imo au haimo, na ikiwemo, dirishani ipo?

Na siyo sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu, 2019 likakataa, 2021 likakataa tena, likisema ushahidi wa faida na madhara yake haujatosha. Dawa iliyoanza kuuzwa Uswisi mwaka 1954 kwa jina la Ritalin! Ndiyo, lazima idhibitiwe, inachangamsha ubongo na wapo wanaoitumia vibaya. Inaweza kumkata mtoto hamu ya kula na usingizi, ndiyo maana inatakiwa cheti na daktari wa kumfuatilia. Lakini kudhibiti dawa siyo kumfichia maskini.

Turudi kwa staa wetu, maana sijammaliza. Miezi miwili kabla ya hiyo video yake alitangaza sirapu ya asili "inayotuliza watoto watukutu". Mnaikumbuka, ile ya kuweka namba ya wakala chini. Mama Dulla alinunua chupa mbili. Mbili! Kisa dada wa kwenye simu kasema. Dulla akapata kuharisha, na hela ya vidonge ikawa imeenda.

Kwa hiyo dada, ile posti ya sirapu ifute leo. Wewe mwenyewe unameza cha daktari, mtoto wa Mbagala unampa maji ya sukari? Ukimaliza, washa hiyo taa yako, utuambie kidonge chako unanunua bei gani na ulimwona daktari gani wa aina gani. Kisha uulize kwa sauti hiyohiyo ya kuombea radhi kwa nini kitita hakieleweki. Wewe ukiuliza, wakubwa watajibu. Mama Dulla ameuliza dirishani mara tatu, kaambiwa apishe foleni.

Wadau, mwenye mtoto wa hivi tiririka hapo chini: dawa unaipata famasi za upande gani, na unalipaje? Mama Dulla nitamsomea mwenyewe, simu yake ya tochi.