Usanifu wa michoro hauanzii kwenye kompyuta

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, hawakosi vijana kadha wa Kibera na Kawangware wanaoniuliza swali lile lile: ni chuo gani kitakachowafundisha usanifu wa michoro kwa muda mfupi na kwa karo nafuu? Nami nikiwauliza wamewahi kuchora nini, hunitazama kana kwamba nimewatukana. Wao wanataka kompyuta. Kuchora, wanadhani, kutafanywa na mashine.

Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia kwamba kazi hiyo ilikuwapo mitaani mwao kabla ya kompyuta kuwafikia. Tembea kutoka Makina hadi Olympic, au ushuke matatu ya nambari 46 pale Kawangware, utazame kuta: kinyozi, fundi viatu, duka la dawa, kanisa. Kila bango liliandikwa na mtu aliyepima nafasi kwa jicho, akachagua ukubwa wa herufi, akajua mpita njia atalisoma kwa nukta chache tu. Huo ndio usanifu wenyewe. Kundi la Maasai Mbili la Kibera lilianzishwa mwaka 2001 na waandishi wa mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, wasiokuwa Wamaasai hata chembe, ambao walivaa mavazi ya Kimaasai ili watambulike mtaani. Kutoka kwenye mabango ya vibanda, kundi hilo limefika kwenye majumba ya maonyesho ya sanaa. Na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipouchoma mtaa, ni mchoraji wa huko huko Kibera, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliyezunguka na rangi na brashi akiandika kwenye kuta na mabati maneno ya kuomba amani. Maneno machache, herufi kubwa, mahali panapoonekana. Chuo gani kingemfundisha zaidi ya hapo?

Shule zetu ndizo zilizoutupa urithi huu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sanaa lilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa katika shule za msingi. Baadaye masomo ya mtihani yalipopunguzwa, likaachwa nje, na kila mwalimu anaijua hatima ya somo lisilotahiniwa: kipindi chake huazimwa na Hisabati, na hakirudishwi. Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa darasani, na mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu ni wa sanaa na michezo. Hilo ni jambo jema. Lakini mkondo ulio kwenye karatasi haununui rangi, na shule nyingi za Kibera ni za watu binafsi, makanisa na vikundi vya wenyeji, ambazo hata chaki huzihesabu.

Basi kijana ajitayarishe vipi? Kwanza achore kwa penseli kila siku, hasa herufi. Aangalie kwa nini neno moja husomeka kutoka ng'ambo ya barabara na jingine halisomeki. Hilo halina karo.

Pili, ajue jinsi kazi inavyochapwa. Nilimwona kijana mmoja wa Kawangware akitokwa na machozi katika mtaa wa River Road, ameshika kadi 500 za harusi ambazo buluu yake ya kung'aa ilikuwa imegeuka zambarau iliyofifia. Mchapishaji hakuwa na kosa. Kioo cha kompyuta huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mtambo wa uchapaji hutumia wino wa samawati, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauwezi kuzifikia. Laiti angaliuliza kabla, au angalichapa nakala moja ya majaribio. Alilipa kadi zile kutoka mfukoni mwake.

Tatu, na hapa walimu wa Kiswahili wanisikilize, msanifu hufanya kazi ya lugha. Bango lenye kosa la tahajia huaibisha pande mbili, mwenye duka na aliyeliandika, na kosa hilo hukaa ukutani miaka.

Lipo jambo la nne ambalo halitajwi kabisa: mkataba. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kijana anayechora nembo kwa malipo ya chakula cha mchana huenda ameuza kila kitu bila kujua. Karatasi moja yenye sahihi mbili ingemkinga.

Kompyuta nayo ina nafasi yake, wala sisemi iachwe. Programu kama Inkscape, GIMP na Scribus hazilipiwi hata senti, na taasisi kama NairoBits imewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kazi za tarakilishi kwa zaidi ya miaka 20. Siku hizi akili unde huchora bango kwa dakika moja, na wapo wanaosema kazi hii imekwisha. Mimi naona kinyume: mashine ikitoa mabango kumi, atakayelipwa ni yule ajuaye lipi kati ya hayo kumi litasomeka na mama mboga wa Gatina akiwa na mzigo kichwani.

Kwa hivyo naomba jambo dogo kwa walimu wakuu wa mitaa hiyo miwili. Muhula ujao, mwiteni fundi wa mabango aliye jirani na shule yenu, mlipeni kama mnavyomlipa fundi wa madawati, aandike jina la shule langoni huku wanafunzi wa darasa zima wakimtazama na kumuuliza maswali.