Kimo Si Hofu

Hoja iliyochapishwa ni hii: raha ya rola kosta hupimwa kwa mita, na kwa kuwa kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hakuna mnara wa chuma, watu wa huku hatuna la kusema. Tunalo.

Tuanze na hizo mita. Kama kimo kingetosha, lifti ya ghorofa ndefu ingetupigisha mayowe. Kinachonyanyua tumbo ni mwili kupoteza uzito: reli inapinda chini upesi kuliko unavyoanguka, makalio yanaagana na kiti. Hiyo ni kazi ya umbo la reli, si ya urefu wa nguzo. Rola kosta ya Kingda Ka, New Jersey, ilipanda mita 139; ikafungwa mwaka 2024, kisha ikabomolewa. Jirani yake El Toro, ya mbao, ina mita 55 hivi, na sifa yake ni kuwarusha watu vitini. Zote mbili ni za kampuni ya Intamin. Mtengenezaji huyohuyo, basi, hakuwa mtumwa wa futikamba.

Na hilo la "hatuna la kusema"? Wakongo wengi wa Nakivale wametoka Kivu, nyumbani kwa chukudu: chombo cha mbao, magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi, injini hakuna. Dereva hupiga goti juu ya ubao, magunia mbele yake, na mteremko humchukua. Wa rola kosta amefungwa mkanda. Huyu amefunga viazi.

Mwandishi wa hoja ile na apande chukudu kwanza. Mita tutampimia sisi.