Saa ya Babu na Kasumba ya Mjini

Ndugu msomaji, nina ugomvi. Babu aliniachia saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo. Iliposimama, wenzangu hapa Kifungilo wakanijia juu: "Ipeleke Dar! Fundi wa Lushoto ataiua." Nikateremka kona zote hadi Mombo, nikapanda basi. Duka moja la vioo na kiyoyozi likakaa nayo miezi minne, likairudisha inang'aa. Inang'aa kweli! Jina la babu lililochongwa mgongoni limesuguliwa, limefutika. Na saa bado inachelewa.

Jamani, saa haitaki marashi. Inataka kufunguliwa yote, kuoshwa na kutiwa mafuta mapya, maana ya zamani hukauka, vyuma vikasagana. Hiyo ni kazi ya mkono na jicho, si ya kiyoyozi.

Mtasema fundi wa kibandani hana vipuri. Kweli, ila kwa nini hana? Mwaka 2004 mafundi huru wa Ulaya walilalamika Brussels kwamba viwanda vinawanyima vipuri; mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikawaangusha. Mzungu akinyimwa, wa Lushoto atapewa na nani?

Basi usichague duka, chagua mtu. Muulize atafungua nini, atabadili nini, cha zamani atakurudishia? Asiyejibu, mpite, awe Dar awe Lushoto. Mimi nilijibiwa kibandani: "Kipuri sina, lakini hii inataka mafuta tu." Leo saa inatembea. Jina la babu ndilo halirudi.