Mlola au Lushoto mjini: watoto wakae wapi?

Mwalimu, muuguzi au ofisa ugani akipata barua ya kupangiwa kituo Mlola, hesabu ya kwanza huwa ya watoto, ingawa barua yenyewe haina neno juu yao. Jibu la wengi limeshazoeleka: familia ipangiwe nyumba Lushoto mjini, mtumishi apange chumba Mlola, Ijumaa apande gari kurudi kwa wanawe na Jumatatu alfajiri ageuze. Likishasemwa hivyo hakuna anayelibishia.

Mimi nalibishia. Si kwamba mji hauna faida, ila faida zinazotajwa nyingi ni za mtu mzima: benki, lami, maduka, wenzake wa kuzungumza nao jioni. Mtoto wa miaka minne hana akaunti benki. Yeye anahitaji maji yasiyo mbali, zahanati inayofikika usiku, darasa la awali ambalo miguu yake inalifikia, na mzazi anayelala nyumbani. Ukimpima kwa vigezo vyake, Mlola inapanda kuliko tunavyodhani, na mitaa fulani ya mjini inashuka.

Kwa asiyeujua ukanda huu: Lushoto mjini imeungana na Mombo kwa lami ya kilometa zipatazo 33, inayojikunjakunja mlimani kupitia Soni. Hospitali ya wilaya iko hapo, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na shule za binafsi. Ukitaka Mlola unapanda hadi Magamba, ubavuni mwa msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, kisha unaishika barabara ya Magamba–Mlola. Mlola ni kata, na ni jina la tarafa pia. Watu wa kata za jirani hufika hapo kwa shida zao nyingi kabla ya kufikiria mji.

Kuchagua pa kukaa kwa kuwatazama watoto si jambo la leo katika milima hii. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme wa Shambaa, anaeleza jinsi vijiji vikubwa vya zamani vilivyopenda kukaa karibu na ukingo wa mlima: mtu aliweza kulima juu, akashuka kulima nyikani, kisha akarudi kulala mahali pasipo na homa. Wajerumani walipoiita Lushoto Wilhelmstal na kuifanya makao ya wilaya, nao walikuwa wakiikimbia homa ileile.

Hofu yao ilikuwa ya haki. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Usambara vilivyo kati ya mita 300 na mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba maambukizi ya malaria hushuka kwa zaidi ya mara 1,000 kutoka tambarare hadi kileleni. Anayepima Mlola na Lushoto mjini aone kuwa mpaka mkubwa wa malaria hauko kati ya hizo mbili, uko kati ya mlima na nyika. Tena mtoto aliyekulia juu huwa hana kinga ya yule wa Mombo au Korogwe. Likizo akishushwa kwa bibi yake, chandarua kishuke naye.

Tauni inatufundisha kwa undani zaidi. Tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo uliisumbua wilaya ya Lushoto kuliko mahali pengine popote nchini, na walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba kijiji kimoja kiliweza kupigwa mwaka baada ya mwaka, na cha jirani, ng'ambo ya bonde tu, kisiguswe. Walipochunguza walifika mpaka chumbani: mahindi yanahifadhiwa wapi, panya wanapita wapi, na nani analala chini. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "kata gani nzuri". Tofauti ya nyumba mbili za kitongoji kimoja inaweza kuizidi tofauti ya Mlola na mjini. Mzazi anayekagua nyumba ya kupanga atazame dari na ghala kabla ya kutazama rangi ya ukuta.

Sasa hospitali, ambayo ndiyo hoja nzito ya wanaotetea mji. Mlola ina kituo cha afya. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hazihitaji mtu kwenda mjini, wala ya surua na rubella ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Siku ya kliniki kinamama hupanga foleni na kadi mkononi, mtoto mmoja mmoja anatolewa mgongoni, anavalishwa kile kikaptura cha kupimia na kuning'inizwa kwenye mizani akipiga kelele kana kwamba anauzwa. Hilo hufanyika Mlola kama linavyofanyika mjini, na kwa sera huduma za mtoto wa chini ya miaka mitano hazilipiwi kote kuwili.

Kasheshe ni rufaa. Mtoto akibadilika saa nane usiku, kifua kinabana, mganga akasema apelekwe hospitali ya wilaya, hapo ndipo barabara inapogeuka kuwa dawa au sumu. Kiangazi ni safari ya kuvumilika. Masika, tope likishachanganyika na mteremko, dereva mzoefu mwenyewe husita. Mfumo wa M-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, unamwezesha mjamzito, mzazi aliyejifungua au mwenye mtoto mchanga kupiga 115 bila malipo na kutafutiwa usafiri, ikiwemo magari ya watu binafsi walioingia mkataba. Ni msaada mkubwa, lakini hauitengenezi barabara, na mtoto wa miaka mitatu mwenye nimonia si mlengwa wake. Kwa hiyo nakubali bila kuzunguka: mwenye mtoto mwenye selimundu, pumu kali au kifafa akae Lushoto mjini, karibu na hospitali. Huyo sina la kumshauri zaidi.

Wengine wasiitumie hoja ya mtoto wa jirani. Kwa mtoto mwenye afya ya kawaida, kinachoamua siku zake ni njia ya shule. Milimani njia hiyo haipimwi kwa kilometa. Nyumba inaweza kuonekana kutoka dirishani mwa darasa, na bado mtoto akateremka bondeni, akavuka kijito, akapanda ngazi zilizochongwa kwa jembe kwenye udongo mwekundu. Asubuhi ya mvua utawaona wadogo wamevua yeboyebo wamezishika mkononi, vidole vya miguu vimekita kwenye tope, begi limewavuta upande. Mwenye miaka kumi anaifanya njia hiyo mchezo. Wa darasa la awali anafika amelowa, na ukungu wa Juni haumkaushi.

Serikali inalijua tatizo hili. Ndiyo maana kuna shule shikizi, zinazowasogezea watoto wadogo darasa karibu na nyumbani. Fedha za UVIKO-19 zilizotolewa mwaka 2021 zilijenga madarasa 3,000 ya shule hizo nchini, pamoja na 12,000 ya sekondari. Lakini mjini nako kusifiwe kwa kiasi. Lushoto imepanda milima pande zote, na nyumba za kodi nafuu ziko juu kwenye miteremko. Anayepanga huko kwa sababu "ni mjini" anaweza kumpa mwanawe njia ndefu na kali kuliko ya mtoto wa Mlola anayekaa hatua chache kutoka shuleni. Kisha anatafuta bodaboda ya kumpeleka, watoto watatu wamebanwa kati ya dereva na mfuko wa madaftari. Hiyo ndiyo faida ya mji?

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema machache. Baridi ya huku huwafanya watu wafunge madirisha na kupikia kuni ndani, na moshi huo unaingia mapafuni mwa mtoto. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mtoto wako hawezi kusubiri, basi jiko likae nje ya chumba cha kulala. Mteremko ulio nyuma ya nyumba nao utazamwe. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 katika kijiji cha Goha, wilaya ya Same, kwenye milima ya Upare ambayo ni jirani zetu. Mwenye nyumba atakwambia maji "yapo tu" na mlima "haujawahi kusogea". Waulize wapangaji.

Lugha huwatia wageni wasiwasi, kwamba Mlola mtoto atazungumza Kisambaa. Atazungumza, na darasani Kiswahili kitabaki palepale. Sijaona hasara.

Gharama ambayo haihesabiwi ni ya nyumba mbili. Kodi inalipwa mara mbili, mara nyingi kwa miezi kadhaa mbele. Kuna nauli ya kila wiki. Kuna mzazi mmoja aliyebaki mjini akilea peke yake. Kuna mtoto anayemwona baba au mama kama mgeni wa mwisho wa wiki. Na kuna darasa la Mlola linalokosa mwalimu Ijumaa mchana kwa sababu gari haingoji, likamkosa tena Jumatatu asubuhi kwa sababu gari limekwama. Watoto wa darasa hilo hawakuulizwa familia ikae wapi.

Hapa ndipo jambo la nyumbani linapokuwa la umma. Viongozi wamekuwa wakiagiza watumishi waishi kwenye vituo vyao vya kazi. Agizo ni jepesi kulitamka jukwaani. Mwalimu anayeambiwa akae na wanawe karibu na shule, na nyumba ya mwalimu haipo au imetoboka bati, ataendelea kukaa mjini na kusaini daftari la mahudhurio kwa namna yake. Upande wa pili, mtumishi mwenye mtoto katika shule ileile anayofundisha, au mwenye mke anayejifungulia katika kituo kilekile anachokitumikia, hudai mambo ambayo wengine hawayadai: choo cha wanafunzi, dawa, uji wa mchana, mtaro wa barabara. Kila familia ya mtumishi inayohamishia watoto mjini inaondoka na sauti hiyo kwenye mkutano wa wazazi, na wanaobaki wanadai kwa sauti ndogo zaidi.

Simwambii mtu amtoe mwanawe kafara kwa ajili ya kata. Kwa mtoto mwenye afya aliye chini ya miaka saba, mzazi wake akiwa anafanya kazi Mlola, naona Mlola inashinda, kwa masharti mawili: nyumba iwe upande uleule wa bonde na shule, na iwe karibu na barabara kiasi cha gari kufika mlangoni usiku wa mvua. Magamba inamfaa ambaye mwenzi wake anafanya kazi mjini. Mtoto akifika madarasa ya juu hesabu ifanywe upya, kwa kuwa miguu yake itakuwa imekomaa na mahitaji yake yatakuwa mengine.

Halmashauri ya Lushoto nayo ina lake. Kabla ya kutoa agizo lingine kwa walimu na wauguzi, ijenge nyumba za watumishi Mlola, karibu na shule na kituo cha afya, na ishirikiane na wabunge kuibana serikali hadi barabara ya Magamba–Mlola ipitike mwezi Aprili kama inavyopitika Septemba. Hayo mawili yakikamilika, watumishi watahamia na watoto wao bila kuamriwa.