"Kidogo Kidogo" Si "Kidogo"

Mgonjwa wa maradhi sugu ya ini hapa Chepilat akiambiwa "kula kidogo kidogo", huenda akasikia "punguza chakula". Mimi mwanaisimu nasema kosa hilo la maana laweza kumwangamiza. Neno likirudiwa hivi huashiria kula mara nyingi, wala si kula haba. Ini lenye makovu halihifadhi akiba ya kutosha ya sukari, hivyo njaa ya usiku mmoja hula misuli. Wataalamu wa ini wa Ulaya walishauri mwaka 2019 angalau kilokalori 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa asiye mnene kupita kiasi. Maji yaliyojaa tumboni yasihesabiwe. Mwenye kilo 60 ahitaji 2,100. Walimu, wafundisheni wanafunzi wapeleke nyumbani ujumbe kamili: mgonjwa ale mara nyingi, apate maharagwe na maziwa, wala asilale bila uji.