KONA YA KOMPYUTA: DVD imegoma, tufanyeje?

Toleo lililopita tuliongea juu ya flashi na virusi. Mwezi huu nimeamua tuongee DVD, kwa sababu maswali yamezidi.

Kuna watakaosema DVD ni mambo ya zamani, siku hizi ni simu na memori kadi. Ni kweli, laptopu mpya nyingi hata hazina tena sehemu ya kuwekea sidii. Lakini usiseme hivyo mbele ya mama ambaye mazishi ya mama yake kule Baraka aliyaona kwa DVD tu. Familia nyingi hapa zina harusi, ubatizo na matanga ya ndugu ndani ya kile kisahani, nakala moja tu, imefungwa kitambaa chini ya nguo kwenye sanduku. Ikigoma hiyo, hakuna duka Kasulu wala Kigoma utakakonunua nyingine.

Basi tuanze na swali la kwanza: je, kompyuta yako inasoma DVD kweli? Kompyuta nyingi za zamani tulizopewa zina draivu ya sidii tu. Angalia maandishi kwenye kidroo kinachofunguka. Kama hakuna herufi DVD popote, usijisumbue. Wanafunzi huniuliza, Mwalimu, mbona visahani vyote viwili vina ukubwa mmoja? Kwa macho ndiyo, ila alama za DVD ni ndogo zaidi na zimebanana. Ndiyo maana sidii inabeba megabaiti 700, na DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Taa ya draivu ya sidii haiwezi kuona alama ndogo hivyo.

Kama draivu ni ya DVD, fanya hivi kabla ya kulaumu kitu chochote. Weka DVD nyingine unayojua ni nzima. Ikikataa na hiyo, shida ni draivu, labda vumbi letu hili jekundu limeingia kwenye kioo chake. Ikikubali, shida iko kwenye kisahani chako. Halafu nenda My Computer, bofya alama ya DVD kwa kitufe cha kulia cha mausi, ufungue. Ukiona folda inaitwa VIDEO_TS, furahi! Maana yake kisahani kinasomeka, kinachokosekana ni programu tu.

Na hapo ndipo wengi wanakwama. Windows XP haikuja na uwezo wa kufungua picha za DVD yenyewe. Windows 7 nyingi zilikuja nao, halafu kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 ukaondolewa, na Windows 10 na 11 ni vilevile. Unakuta mtu ana kompyuta mpya kuliko ya jirani, ya jirani inaonyesha, yake haionyeshi! Dawa ni programu ya bure inaitwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani ya rangi ya chungwa. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi huko Ufaransa mwaka 1996. Ina kila kitu ndani yake, na XP yenye Service Pack 3 bado unaweza kuiwekea VLC za namba 3.0. Ni ndogo, unabebewa kwa flashi, ila flashi hiyo ipite kwanza kwenye dawa ya virusi, tulishaongea.

Sasa kuna jambo la namba za maeneo. Filamu za dukani zinafungwa kwa eneo: Marekani ni 1, Ulaya ni 2, na sehemu kubwa ya Afrika ni 5, isipokuwa Afrika Kusini na Misri ambazo ni 2. Shangazi akikutumia filamu kutoka Marekani, kompyuta inaweza kukuomba ubadilishe eneo. Vijana, taratibu! Draivu inakubali kubadilishwa mara 5 tu, halafu inabaki ilipo moja kwa moja, hata ukiweka Windows upya. Jaribu VLC kwanza, mara nyingine inafungua bila kubadilisha chochote. DVD ya harusi iliyochomwa na mpiga picha kwa kawaida haina namba ya eneo, kwa hiyo hiyo ikigoma usiguse eneo kabisa, utaharibu bure.

Hiyo ya kuchomwa ina ugonjwa wake mwingine. Mpiga picha akimaliza kurekodi anatakiwa "aifunge" kwenye mashine yake. Akisahau, kwake inaonyesha, kwako kompyuta inasema kisahani kitupu na kuuliza kama unataka kukiandaa ili uweke mafaili. WAZAZI, HAPO MSIKUBALI. Bonyeza Cancel, toa kisahani, rudisha kwa aliyerekodi akifunge kwenye mashine ileile. Ukikubali, unaweza kuyapoteza yote yaliyomo.

Kuhusu kusafisha: kitambaa laini cha pamba, maji safi, sabuni kidogo kama ni mafuta. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua. Usizungushe, kwa sababu habari zimeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta sehemu ndefu mfululizo. Mkwaruzo unaokata njia, draivu inaweza kuuruka na kujaziliza. Petroli, mafuta ya taa na tina visikaribie. Dawa ya meno wengine wanaisifu, lakini mimi siwezi kuipaka kwenye nakala pekee ya mazishi ya mtu, maana ina mchanga mchanga ndani. Halafu usianike kisahani juani kikauke. Rangi inayobeba habari kwenye DVD ya kuchomwa inafifia kwa mwanga na joto.

Ikiwa picha inakwamakwama, usilazimishe kuangalia. Nakili folda yote ya VIDEO_TS kwenye hadi diski, kisha iburute uiweke kwenye VLC. Draivu ikipata muda inasoma sehemu mbovu kwa kurudia, na wewe unaangalia bila kukwama. Nakili mchana sola ikiwa na nguvu, maana kisahani kibovu kinaweza kuchukua hata saa nzima. Flashi ya gigabaiti 4 haitoshi kwa kisahani kilichojaa, tafuta ya 8. Na kama DVD ya familia bado inasoma vizuri, ndiyo wakati wa kuinakili, usingoje ikwame.

Mwenye DVD iliyogoma alete shuleni Jumamosi baada ya masomo ya asubuhi, tuitazame pamoja. Aje na flashi yake, na kisahani kiwe ndani ya bahasha, siyo mfukoni pamoja na funguo.