Nani Anayeisimulia Hadithi?

Mwanafunzi wa sekondari mkoani Singida akiulizwa habari ya migogoro katika riwaya, hujibu pasipo kusita: mgogoro wa nafsi, wa kifamilia, wa kijamii. Akiulizwa kwa nini wahusika wale waligombana, na kila mmoja aliuonaje ugomvi huo, hunyamaza. Orodha ameinakili kutoka kijitabu cha majibu. Riwaya yenyewe huenda hajaifungua. Hatumlaumu. Mtihani humtaka ataje, naye hutaja.

Singida haina haja ya kutafuta mbali hadithi za kufundishia. Uwanja wa mpira wa mjini, uliojulikana zamani kwa jina la Namfua, sasa huitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Husimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa nyuki, na kwamba wenye bunduki walitimua mbio. Mwalimu na aisimulie habari hiyo, kisha awagawe watoto makundi matatu. La kwanza lieleze kama mzee wa Kinyaturu aliyeshuhudia. La pili kama ofisa wa Kijerumani anayemwandikia mkubwa wake kwa nini kikosi kimekimbia. La tatu kama askari Mwafrika aliyevaa sare ya mkoloni na kuumwa na nyuki wale wale. Huyu wa tatu ndiye atakayewatoa jasho, na ndiye mwenye faida kubwa. Hapo mgogoro hautakuwa tena neno la daftarini, na mtoto ataanza kuuliza mwenyewe: Liti alipokwisha kuuawa, nini kilibadilika, na kwa nani?

Wenzetu wa Visiwani, ambao watoto wao hufanya mtihani ule ule wa Kidato cha Nne, wanayo hazina yao. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1978, Mapinduzi ya 1964 ni maangamizi kwa bwana shamba. Lakini swali zito ni la Kijakazi, mtumishi wake: kwa nini mtu aliyeonewa miaka mingi hivyo asibadilike siku ile ile minyororo ilipokatika?

Wapo watakaonung'unika kwamba kumzoesha mtoto kutazama kwa jicho la adui ni kumpunguzia uzalendo. Hatukubaliani nao hata kidogo. Kuijua hoja ya Mjerumani si kuikubali, na kijana asiyepata kuisikia hoja ya upande wa pili darasani ataisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mlaghai.

Mtaala mpya wa Tanzania Bara ulianza kutumika 2024. Hautafika mbali iwapo maswali ya mtihani yatabaki yale yale. Tunawaomba wakuu wa elimu wa pande zote mbili za Muungano, pamoja na watunga mitihani, waanze na swali moja tu. Badala ya kumwambia mtahiniwa ataje migogoro minne, wamwambie amchague mhusika asiyempenda, na aueleze ugomvi kama mhusika huyo angeueleza.